Cheche zinazounguza nyumba huku breka ikiwa kimya

Moto ukizuka ndani ya nyumba usiku na chanzo chake hakijulikani, majirani wengi huwa na jibu moja: shoti ya umeme. Jibu hilo hurudiwa msibani, dukani na kwenye makundi ya WhatsApp, na mjadala huishia hapo.

Lakini neno hilo moja limebeba mambo mengi tofauti. Lipo tatizo ambalo breka hulikata papo hapo, familia ikabaki gizani lakini salama. Na lipo jingine linaloweza kuendelea kwa wiki kadhaa ndani ya soketi, nyuma ya kitanda cha mtoto, huku taa zinawaka, friji inagandisha na breka imetulia kama vile hakuna kitu.

Hilo la pili ndilo linalopaswa kumnyima mzazi usingizi. Mafundi huliita cheche, na wataalamu huliita arki. Kuligundua si kazi rahisi, kwa sababu nyumba yenye afya nayo ina cheche zake za kawaida. Anayeziogopa zote atachoka, na anayezipuuza zote anaweza kujuta.

Cheche hizi ni nini?

Aliyewahi kupita karibu na karakana ya kuchomelea mageti ameshaziona cheche hizi zikifanya kazi halali. Fundi anasogeza ncha ya rodi karibu na chuma, umeme unaruka hewani, mwanga mkali unatokea na chuma kinayeyuka. Ndiyo maana fundi huvaa miwani maalumu.

Jambo hilohilo, kwa udogo wake, linaweza kutokea ndani ya nyumba. Skrubu ya soketi ikilegea, waya ukikatika ndani ya ganda lake la plastiki, au waya mbili zikikaribiana baada ya ganda kuchubuka, umeme huanza kuruka kwenye uwazi mdogo. Joto katikati ya cheche hufika maelfu ya nyuzi za Selsiasi. Shaba, ambayo ndiyo madini ya waya nyingi za nyumbani, huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 tu.

Ubaya mwingine ni kwamba cheche hujitengenezea njia. Plastiki iliyoungua hugeuka kaboni, yaani masizi magumu, na kaboni hupitisha umeme. Kwa hiyo kila siku inayopita cheche hupata urahisi zaidi wa kuwaka tena. Kilichoanza kama mlio mdogo mwezi uliopita kinaweza kuwa mwali mwezi huu.

Wataalamu huzigawa katika makundi mawili. La kwanza ni cheche zinazotokea kwenye waya mmoja, pale njia ya umeme inapokatika au kulegea kabla ya kufika kwenye chombo. La pili ni cheche zinazoruka kutoka waya mmoja kwenda mwingine, kwa mfano kutoka waya wa moto kwenda nyutro, ndani ya ekstensheni iliyobanwa na mguu wa kitanda au kutafunwa na panya.

Kwa nini breka haizioni?

Saketi breka ya kawaida hujiuliza swali moja tu: umeme unaopita ni mwingi kiasi gani? Ndani yake kuna bati maalumu linalopinda linapopata joto kama mzigo umezidi kwa muda, na kuna sumaku inayokata mara moja umeme unapofumuka ghafla.

Sasa chukulia pasi ya wati 1,200 kwenye umeme wa volti 230. Inavuta zaidi kidogo ya ampea 5. Skrubu ya waya ndani ya soketi yake ikilegea na cheche zikaanza, umeme hauongezeki. Hupungua kidogo, kwa kuwa cheche zimekuwa kizuizi njiani. Breka ya ampea 20 inaona ampea 5 zinapita na haina sababu ya kukata.

Lakini pale kwenye skrubu mambo si shwari. Cheche zikila volti 20 tu kati ya zile 230, na ampea 5 zinapita, hapo pana wati 100 za joto. Ni kama balbu ya zamani ya wati 100, ila joto lake lote limekusanywa mahali pasipofika ukubwa wa punje ya dengu, ndani ya kisanduku cha plastiki, ukutani.

Kundi la pili nalo linaweza kuponyoka. Breka ya ampea 20 ya aina inayoitwa C huhitaji umeme ufike kati ya ampea 100 na 200 ndipo sumaku yake ikate mara moja. Kwenye ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba, cheche zinaweza kuruka na kuzima, kuruka na kuzima, bila kufikisha kiwango hicho kwa muda wa kutosha.

Kuna wazazi wanaojituliza kwa kuwa nyumba yao ina kifaa ambacho mafundi hukiita RCD. Kifaa hicho ni muhimu sana na kinaokoa watoto wanaoingiza vidole au misumari kwenye soketi. Lakini nacho kina swali lake moja: je, umeme uliotoka umerudi wote, au kuna uliovuja kwenda ardhini? Cheche zinazoruka kati ya waya wa moto na nyutro hazivujishi kitu ardhini. RCD nayo hukaa kimya.

Fundisho lililotoka angani

Ulimwengu ulilipata fundisho hili kwa gharama kubwa. Septemba 2, 1998, ndege ya Swissair namba 111, aina ya MD-11, ilikuwa ikitoka New York kwenda Geneva. Marubani walisikia harufu isiyo ya kawaida, kisha wakaona moshi. Ndege ilianguka baharini karibu na kijiji cha Peggy's Cove huko Nova Scotia, Kanada. Watu wote 229 waliokuwemo walifariki.

Wachunguzi wa Kanada walitumia zaidi ya miaka minne kuunganisha mabaki. Katika ripoti yao ya mwaka 2003 walieleza kuwa kuna uwezekano mkubwa moto ulianza kwa cheche za waya juu ya dari ya eneo la marubani, na ukasambaa kwa sababu vifuniko vya vihami joto vilivyokuwa karibu vilishika moto kwa urahisi. Walieleza pia kwamba breka za ndege hiyo hazikutengenezwa kulinda dhidi ya kila aina ya cheche.

Mambo hayo mawili yanafaa kukumbukwa nyumbani. Cheche peke yake ni hatari, lakini cheche iliyo karibu na kitu kinachoshika moto haraka ni hatari zaidi. Katika nyumba zetu kitu hicho ni pazia, godoro la sponji, kapeti au chandarua.

Kifaa kinachosikiliza umeme

Kwa kuwa breka na RCD huuliza maswali mengine, wahandisi walitengeneza kifaa cha tatu, chenye swali la tatu: je, umeme huu una umbo la kawaida, au una tabia ya cheche? Marekani kinaitwa AFCI. Ulaya kinaitwa AFDD.

Umeme wa nyumbani Afrika Mashariki hubadili mwelekeo mfululizo, mizunguko 50 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba mara 100 kila sekunde hupita kwenye sifuri. Cheche inapofika karibu na sifuri huzimika, na haiwaki tena mpaka volti ipande vya kutosha kuruka uwazi ule. Kwa hiyo umeme wenye cheche una vituo vidogo ambavyo umeme safi hauna.

Pia cheche hupiga kelele. Si kelele za sikio tu, bali kelele za umeme zenye masafa ya juu, zile ambazo zamani zilisikika kwenye redio ya AM kama mkwaruzo pale mtu alipowasha swichi mbovu. Kelele hizo hazina mpangilio: nusu mzunguko huu zinakuja hivi, unaofuata zinakuja vile.

Ndani ya AFDD kuna kompyuta ndogo inayofuatilia vitu hivyo kila wakati. Ikiridhika kwamba ni cheche za hatari, inakata. Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, IEC 62606, kinataka kwenye umeme wa volti 230 cheche za ampea 2.5 zikatwe ndani ya sekunde 1, za ampea 5 ndani ya nusu sekunde, na za ampea 16 ndani ya sekunde 0.15. Kadiri umeme unavyokuwa mwingi, ndivyo muda wa kusubiri unavyopungua.

Marekani ndiko kulikotangulia kuweka sharti. Kanuni za umeme za nchi hiyo, toleo la 1999, ziliagiza kinga hii kwenye saketi za vyumba vya kulala, kuanzia Januari 1, 2002. Vyumba vya kulala vilitangulia kwa sababu inayoeleweka kwa kila mzazi: aliyelala hasikii harufu wala mlio. Matoleo yaliyofuata yaliongeza sebule, kisha jikoni na chumba cha kufulia.

Uingereza, kwa marekebisho ya mwaka 2022 ya kanuni zake za BS 7671, iliagiza AFDD kwenye saketi za soketi za majengo marefu ya makazi yenye hatari kubwa, nyumba zinazopangwa na watu wengi kwa pamoja, hosteli za wanafunzi na nyumba za kutunza wazee.

Kilio cha njaa na kilio cha maumivu

Ugumu unaanza hapa. Nyumbani kuna vyombo vinavyopiga kelele za umeme zinazofanana na cheche za hatari, na vyombo hivyo ni vizima kabisa.

Drili, blenda na mashine ya kufyonza vumbi huwa na mota yenye vipande vya kaboni vinavyosugua. Ukichungulia matundu ya drili inapozunguka utaona vicheche vya buluu. Hivyo ndivyo mota hiyo inavyofanya kazi. Swichi ya kupunguza mwanga hukatakata umeme kila nusu mzunguko. Chaja za simu, kompyuta, televisheni na taa za LED huuvuta umeme kwa vipande vipande. Hata swichi ya ukutani hutoa kacheche kadogo mara moja inapozimwa.

Mama mwenye mtoto mchanga anaujua mtihani huu. Mtoto analia, na majirani wote wanasikia kilio kilekile. Lakini mama hutofautisha kilio cha njaa, cha usingizi na cha maumivu, si kwa ukubwa wa sauti bali kwa jinsi kinavyokuja na kinavyoendelea.

Kifaa kizuri hufanya hivyohivyo. Kacheche ka swichi huja mara moja na kupotea, kwa hiyo hupuuzwa. Kelele ya swichi ya mwanga hurudi mahali palepale kila nusu mzunguko, na mpangilio huo ni dalili ya uzima. Kelele ya mota huenda na mwendo wake wa kuzunguka. Cheche za hatari haziko hivyo: zinavurugika, na bado zinaendelea.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini subira ni lazima. Mara 100 kwa sekunde ni sawa na nusu mizunguko 8,640,000 kwa siku. Kifaa ambacho kingekosea mara moja tu katika kila milioni, na kukata kwa kila shaka moja, kingezima umeme mara nane au tisa kila siku. Hakuna familia ingekivumilia.

Kwa hiyo vifaa hukusanya ushahidi. Kiwango cha Marekani, UL 1699, kwa cheche kubwa za kati ya waya na waya, hutaka kifaa kikate zikionekana nusu mizunguko 8 ya cheche ndani ya nusu sekunde. Viwango pia hutaka kifaa kijaribiwe pande zote mbili: kinyamaze drili na mashine ya kufyonza vumbi zinapofanya kazi, lakini kiweze kuzigundua cheche za hatari hata wakati vyombo hivyo vinapiga kelele pembeni.

Kengele ya uongo ina gharama yake

Mtu anaweza kusema kwamba ni heri kifaa kikate mara mia bure kuliko kukosa mara moja. Maneno hayo yanavutia, lakini tabia ya binadamu haiko hivyo.

Marekani, vifaa vya miaka ya mwanzo vilijipatia sifa mbaya kwa kukata ovyo. Baadhi ya wenye nyumba waliwaita mafundi waving'oe na kurudisha breka za kawaida. Waliofanya hivyo walibaki bila kinga yoyote dhidi ya cheche, tena wakiwa na imani kwamba tatizo limeisha.

Hali hiyo inafanana na kengele ya moshi iliyowekwa karibu sana na jiko. Ikilia kila maandazi yanapokaangwa, kuna siku baba atapanda kiti na kuitoa betri. Kengele iliyonyamazishwa haitalia usiku ambao moshi ni wa kweli.

Familia nyingi za hapa nazo zina toleo lao la kosa hili, hata kama hazijawahi kuiona AFDD. Breka ya kawaida inakata mara kwa mara, watu wanachoka, fundi wa mtaani anaambiwa aweke kubwa zaidi. Ya ampea 16 inatolewa, inawekwa ya ampea 32 kwenye waya uleule mwembamba. Umeme haukati tena na kila mtu anafurahi. Kumbe breka ilikuwa inasema ukweli, na sasa itakayopata joto kwanza ni waya ndani ya ukuta.

Kifaa kikikata, familia ifanye nini?

Si kila mkato ni wa uongo. Wakati mwingine kifaa kipya hukata mara tu kinapofungwa, na lawama hukiangukia, kumbe kimekuta nyutro za saketi mbili zimechanganywa au skrubu iliyolegea tangu nyumba ijengwe. Hatua hizi husaidia kutofautisha:

1. Asirudishe mtu umeme mara kwa mara kwa hasira. Kila kurudisha ni nafasi nyingine kwa cheche kuwaka.

2. Vyombo vyote vya saketi hiyo vichomolewe, ndipo umeme urudishwe. Ukikata tena bila chombo chochote kuchomekwa, shaka iko kwenye waya za ukutani au kwenye soketi. Hapo kazi ni ya fundi, na saketi hiyo ibaki imezimwa.

3. Ukitulia, vyombo virudishwe kimoja kimoja. Kitakachokata umeme ndicho cha kuchunguzwa, kuanzia plagi na waya wake. Waya wa pasi hukatika ndani pale unapoingia kwenye pasi, kwa sababu ya kukunjwa kila siku.

4. Chombo kizima kikithibitishwa na fundi kuwa hakina kasoro lakini kifaa bado kinakikata, huenda havipatani. Dawa ni kubadilisha kifaa kwa cha toleo jipya zaidi. Kukiondoa kabisa si dawa.

Vifaa vingi vya aina hii vina kitaa kinachometa kuonyesha sababu ya kukata. Familia ihesabu mara ngapi kimemeta na kumwambia fundi. Vina pia kitufe cha majaribio, kinachofaa kubonyezwa kama maelezo ya mtengenezaji yanavyosema.

Anayefikiria kununua aangalie mambo mawili. Kwanza, kiwe kimetengenezwa kwa umeme wa volti 230 na mizunguko 50, na kiwe na namba ya kiwango IEC 62606. Kifaa cha Marekani kilichotolewa kwenye nyumba ya volti 120 hakifai hapa, hata kama ndugu aliye ughaibuni anakituma bure. Pili, kifungwe na fundi mwenye leseni. Tanzania leseni za mafundi wa kufunga umeme hutolewa na EWURA, na Kenya hutolewa na EPRA.

Na kisitarajiwe kufanya miujiza. Muungano uliolegea unaweza kuwaka kama kaa, ukawa mwekundu bila cheche za wazi, na kifaa kisiugundue. Hakichukui nafasi ya RCD wala ya kengele ya moshi.

Nyumba isiyo na kifaa

Familia nyingi zitaendelea kwa muda mrefu kutegemea kigunduzi cha zamani kuliko vyote: macho, pua, masikio na viganja vya watu waliomo ndani. Nacho kinahitaji kufundishwa kutofautisha, ili kisichoshe watu wala kisilale.

Dalili ambazo mara nyingi si za kutisha:

- Kacheche kamoja wakati chaja ya kompyuta inachomekwa kwenye soketi iliyowashwa. Dawa ni kuzima swichi ya soketi kabla ya kuchomeka.
- Vicheche vya buluu ndani ya mota ya drili au blenda, ikiwa havikuzidi vya siku zote na hakuna harufu ya kuungua.
- Taa kufifia sekunde moja friji inapoanza, au fundi wa kuchomelea anapofanya kazi jirani.

Dalili za kuzima saketi sasa hivi na kuita fundi:

- Harufu ya plastiki inayoungua, au harufu kama ya samaki, isiyo na chanzo kinachojulikana.
- Mlio wa kutatarika ndani ya soketi au swichi, kama mafuta ya moto kikaangoni.
- Alama ya kahawia au nyeusi kwenye soketi, au plagi yenye meno yaliyobadilika rangi.
- Plagi au swichi yenye joto la kukufanya uondoe mkono.
- Taa au chombo kinachozima na kuwaka mtu anapogusa waya, plagi au soketi.

Taa za nyumba nzima zikififia hapa na kung'aa kupita kiasi pale kwa wakati mmoja, huenda nyutro inayoingia nyumbani imelegea. Meni swichi izimwe na shirika la umeme lipigiwe simu.

Moto ukishaanza kwenye soketi, maji hayamwagwi umeme ukiwa unawaka. Meni swichi izimwe kama inafikika kwa usalama, watu watoke kwanza, na Zimamoto wapigiwe. Kwa Tanzania namba ni 114.

Chumba cha mtoto kwanza

Kwa mzazi mwenye fedha kidogo na hofu nyingi, swali ni aanzie wapi. Jibu ni lilelile walilotoa Wamarekani mwaka 1999: aanzie wanakolala watoto.

Kitanda kisogezwe mbali na soketi, kwa sababu kinapoisukuma plagi hulegeza meno na kupinda waya. Ekstensheni isipite chini ya godoro, kapeti au mlango. Simu zisichajiwe kitandani ndani ya chandarua. Waya uliochanika usiungwe kwa solotepu, bali ubadilishwe. Kabla ya kupigilia msumari wa kutundikia picha au chandarua, ni vizuri kujua waya zinapita wapi: mara nyingi hushuka au kupanda wima kutoka kwenye soketi na swichi.

Familia za pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, zina adui wa ziada. Hewa yenye chumvi na unyevu hula maungio ya chuma na shaba, na muungano ulioliwa ndio unaoanza kutoa cheche. Kumwomba fundi azime umeme, afungue soketi za vyumba vya kulala na kukaza skrubu ni kazi ndogo, na inaondoa sababu kubwa ya cheche bila kununua kifaa chochote.

Mpangaji asiyeruhusiwa kugusa waya za nyumba anaweza kupiga picha soketi yenye alama ya kuungua na kumtumia mwenye nyumba, pamoja na tarehe. Wakati anasubiri, soketi hiyo isitumike hata kwa chaja ya simu.

Mtoto akisema soketi inalia

Jambo la mwisho halihusu waya. Watoto hukaa sakafuni, hucheza karibu na ukuta, na wengi husikia milio myembamba ambayo masikio ya watu wazima hayaisikii vizuri. Mara nyingi wao ndio wa kwanza kusema, "Mama, pale panatatarika," au "Baba, hii chaja inanuka."

Mara nyingine itakuwa si kitu. Itakuwa mjusi nyuma ya kabati, au friji imeanza kuunguruma. Mtoto anayekemewa siku hiyo kwa kusumbua watu hujifunza kunyamaza, na hatasema tena siku ambayo mlio ni wa kweli.

Inatosha mzazi kuinuka, kwenda naye, kusikiliza pamoja na kumweleza kile alichokikuta. Mtoto wa miaka saba anaweza kufundishwa kutofautisha kacheche ka kuchomeka chaja na mlio usiokoma. Anaweza kufundishwa pia kwamba kazi yake ni kusema, si kugusa. Na kila aliye ndani ya nyumba, mkubwa kwa mdogo, ajue ilipo meni swichi na jinsi inavyozimwa.